Kimya Hadi Ijumaa Adhuhuri

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Mama yangu anakataa kuliita jambo hili kustaafu. Kwake yeye ni kukosa kazi, na amekwisha kuwaambia majirani wa ghorofa yetu hapa Kingsview Village, Toronto, wanitafutie nyingine. Lakini ofisi yetu imefungwa, meza zimechukuliwa, Bi Zarina amerudi nyumbani kwake Richmond Hill kukaa na wajukuu, na kazi niliyoifanya miaka tisa sijui mahali pengine katika mji huu inapofanywa. Mtu ambaye hakufukuzwa wala hakuacha, ila kazi yenyewe imekwisha, aitwe nani? Nimelifikiria sana. Naona nimestaafu.

Ninyi wawili mliokabidhiwa makabati yetu mkaianze upya kazi hii kwenu mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Nitajaribu. Nawaonya mapema kwamba mambo mengi sikuyaelewa nilipokuwa nikiyafanya, na kustaafu hakujanisaidia.

Nilianza mwaka 2009, nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo kila mtu nyumbani aliitaja kwa jina tofauti. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la miwani. Kazi yetu ilikuwa kuwakutanisha Warusi na Wamarekani wasio na vyeo tena: wanajeshi wastaafu, wanasayansi wastaafu, mabalozi wastaafu, watu ambao ujanani walitengeneza makombora ya nyuklia au waliyahesabu, na uzeeni wakawa hawana raha. Serikali zao zilipogombana, wao waliweza bado kuketi meza moja, wakajadili namna ya kupunguza silaha hizo na namna ya kukaguana, kisha wakaandika waraka na kuwapelekea waliobaki madarakani. Walikutana Toronto kwa sababu Kanada haikuwa kwa huyu wala kwa yule, ingawa Warusi walituambia kila mwaka kwamba ni kwa yule.

Siku ya kwanza nilimwita mkuu wangu Daktari.

"Udaktari uko ukutani pale," akasema kwa Kiswahili, akinionyesha cheti chake. "Mimi niite Bi Zarina. Kwenu wapi?"

"Dixon," nikautaja mtaa wetu wa hapa mjini.

"Kabla ya Dixon."

"Mombasa."

"Haya. Mimi Moshi. Baba yangu aliuza vitambaa, kwa hiyo usijaribu kunipunja."

Sikujua ningempunja nini. Nililiwaza jambo hilo wiki nzima, nikawa nachelewa kuondoka jioni ili nisionekane ninapunja muda. Wiki ya pili akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa meza. Msidhani ni jambo dogo. Warusi upande mmoja na Wamarekani upande wa pili ni vita. Ukiwachanganya, kila mtu anahisi ametekwa. Nilichora mpango baada ya mpango, nikawaza nani atakaa na jua machoni, nani ana sikio bovu la kushoto, nani aliwahi kumtukana nani. Bi Zarina aliangalia michoro yangu, akaikunja yote, akaniambia niweke chai ya tangawizi katika kona ya mbali kabisa na mlango. "Watakwenda wenyewe," akasema. "Mtu akisimama na kikombe mkononi hawezi kupiga meza." Na kweli, mambo mengi mliyonayo katika makabati hayo yalikubaliwa pale konani, watu wakiwa wamesimama.

Kazi ya pili, nikiwa katibu, ilikuwa muhtasari wa mikutano. Kanuni yetu ilikuwa kwamba linalosemwa chumbani laweza kutolewa nje, lakini aliyelisema hatajwi. Niliandika "mshiriki mmoja" mpaka nikaanza kuwaita hivyo hata ndugu zangu. Bi Zarina alinifundisha pia nisiandike kamwe kwamba watu wamekubaliana. Niandike kwamba hakuna aliyepinga. Nilimwuliza tofauti ni ipi.

"Utaiona," akasema.

Sikuiona kwa miaka sita.

Wajumbe walikuwa wengi, lakini wa kuwajua ni wawili. Wa kwanza ni Profesa Arkadi, Mrusi, mhandisi wa makombora. Wa pili ni Kanali Walter, Mmarekani kutoka Ohio. Baada ya nchi zao kuwekeana mikataba, kila upande ulikuwa ukipeleka wakaguzi katika kambi za mwenzake kuhakikisha kwamba makombora yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Walter alikuwa mkaguzi; Arkadi alikuwa mwenyeji aliyempokea. Walikutana mara ya kwanza kwenye theluji, Walter amepiga magoti akipima urefu wa kombora kwa utepe, Arkadi amesimama nyuma yake akimwambia kwamba anapima vibaya. Wakati nawafahamu, walikuwa bado wanabishana kuhusu kipimo kile.

Arkadi alipinga kila kitu. Alipinga ajenda, alipinga mapazia ya hoteli, alipinga tafsiri ya mkalimani ambaye alikuwa mpwa wake mwenyewe. Mwaka mmoja alipinga tarehe ya mkutano akiwa tayari amefika. Walter alikuwa akimsikiliza ameegemeza kichwa kwenye ngumi, kisha anasema, "Umemaliza?" Na Arkadi anasema, "Hapana."

Niliwaogopa wote wawili. Mwaka 2010 nchi zao zilipotia sahihi mkataba mpya wa makombora ya masafa marefu, nilidhani ofisini kutakuwa na sherehe. Wao walikaa siku mbili wakijadili jinsi mkataba huo utakavyovunjika. Sikuelewa kama walikuwa na furaha. Nilipowaaga uwanja wa ndege, Arkadi alinipa chokoleti na kuniambia kwa Kiingereza chake kwamba ule ulikuwa mkutano mzuri kuliko yote.

Sasa niwaeleze kanuni ya kimya, kwa sababu ndiyo mtakayoiona imefutwa katika mafaili na mtataka kujua kwa nini. Wanadiplomasia wanaitumia kila mahali. Rasimu ikishakamilika inapelekwa kwa wajumbe wote, wakiwa wamesharudi makwao, pamoja na saa ya mwisho. Sisi saa yetu ilikuwa Ijumaa adhuhuri. Mwenye pingamizi alipeleke kabla ya hapo, na rasimu inarudi mezani. Kama hakuna aliyeandika, basi wamekubali, na waraka unatoka ukiwa na majina yao. Kimya ni ndiyo. Ni kanuni nzuri kwa watu wenye kiburi: mtu hahitaji kukiri kwamba amekubaliana na adui yake; anahitaji tu kutosema neno.

Ndipo ikaja Krimea, mwaka 2014, Warusi walipoitwaa rasi ile ya jirani zao. Serikali zikaacha kuzungumza mambo mengi. Kwetu wajumbe waliendelea kuja, ila wachache. Mwaka uliofuata Arkadi alikuja amekonda, akapinga vitu viwili tu kwa siku tatu. Alimwambia Bi Zarina pale kwenye chai, nami nikiwa karibu, kwamba chuoni kwake wameanza kumwuliza anakwenda Toronto kufanya nini na kwa ajili ya nani.

"Ukawajibu nini?" Bi Zarina akamwuliza.

"Kwamba nakwenda kumsahihisha Mmarekani."

Alicheka peke yake.

Waraka wa mwaka ule ulikuwa mzito kuliko yote tuliyowahi kuandika. Ulizitaka nchi mbili ziendelee kupeana taarifa kabla ya kurusha makombora ya majaribio, na zisiwazuie wakaguzi kuingia kambini hata kama zimegombana kwa mengine yote. Arkadi na Walter walikuwa wameuandika pamoja, na majina yao yangekaa mwanzoni, moja kando ya jingine. Nguvu yake yote ilikuwa hapo. Waraka wa Walter peke yake Moscow wangeutupa, na wa Arkadi peke yake Washington wasingeufungua.

Nilipeleka rasimu ya mwisho siku ya Jumatatu. Kwa kawaida pingamizi la kwanza la Arkadi lilikuwa linafika kabla sijainuka kitini. Jumatatu ile halikuja, wala Jumanne. Jumatano nilipiga simu nyumbani kwake, ikaita mpaka ikachoka. Nilimwandikia mpwa wake yule mkalimani, naye hakujibu.

Nikaenda kwa Bi Zarina.

"Profesa amenyamaza," nikasema.

"Basi amekubali."

"Bi Zarina, Profesa hajawahi kunyamaza."

"Ndiyo maana ya kuwa na kanuni, Rukia. Hatuingii moyoni mwa mtu. Tunaangalia saa."

"Na kama anaumwa? Na kama amekatazwa kuandika? Jina lake likitoka kando ya jina la kanali wa Marekani, hajasema ndiyo, halafu wakamwuliza?"

Alivua miwani. Nilijua anafikiri, kwa hiyo nikaongeza sababu nyingine nne, moja ikipingana na nyingine. Aliniacha nimalize.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Nikisema leo kwamba kimya cha Arkadi si ndiyo, kesho Wamarekani watasema kimya chao cha mwaka jana hakikuwa ndiyo. Na cha mwaka juzi. Nyaraka zote zilizomo kwenye kabati hizi zinasimama juu ya vimya vya watu. Ukivuta kimoja zinaanguka zote."

Hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililonichanganya. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba yeye yuko sahihi, na nikiwa na hakika kwamba mzee mmoja Moscow ataumizwa na sisi.

Alhamisi jioni nilimkuta mama ametoka kazini, jikoni kunakopikwa chakula cha abiria pale uwanja wa ndege, ameweka miguu juu ya kigoda. Nikamwuliza swali ambalo nadhani sikuwahi kumwuliza. Siku ya nikaha yake, shekhe alipotuma watu waje kuuliza kama ameridhia, alijibu nini?

"Sikujibu. Mwali akinyamaza ndiyo karidhia, si ndivyo? Wakauliza mara tatu, nikanyamaza mara tatu, shangazi akapiga vigelegele."

"Lakini uliridhia?"

"Nilikuwa na jino, Rukia. Shavu limevimba hivi. Ningefungua mdomo ningelia mbele ya watu."

"Kwa hiyo hukuridhia!"

"Niliridhia baadaye. Mwaka wa pili hivi."

"Nasikia hayo," akasema baba, aliyekuwa akiangalia taarifa ya habari.

"Usikie. Jino ulilipa wewe kung'oa."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikwenda chumbani nikafikiria vimya vyote nilivyowahi kuviandika kuwa ndiyo, nikajiuliza vingapi vilikuwa meno.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Bi Zarina kwamba mimi napinga.

"Katibu hana pingamizi," akasema. "Mwenye pingamizi ni mjumbe." Alisimama, akachukua koti lake. "Na mimi, mkuu wa ofisi, siwezi kumpigia mjumbe simu kumwomba apinge. Ni mwiko. Nakwenda kununua maziwa."

Maziwa yalikuwepo. Nilibaki nimekaa nikijiuliza kama nimeruhusiwa au nimekatazwa. Alisema "mimi, mkuu wa ofisi". Je, alimaanisha kwamba asiye mkuu anaweza? Au alikuwa anaenda tu kununua maziwa? Mpaka leo sijui; niliwahi kumwuliza, akasema maziwa ya siku ile yalikuwa yameanza kuchacha. Niliinua simu, nikaiweka, nikaiinua tena, nikampigia Walter huko Ohio.

"Ngoja nielewe," akasema. "Unataka nipinge waraka wangu mwenyewe."

"Ndiyo, Kanali."

"Nilioubishania miaka miwili."

"Ndiyo."

"Kwa sababu Arkadi amenyamaza."

"Kanali, umewahi kumsikia akinyamaza?"

Nilisikia akivuta kiti.

"Kule kambini kwao," akasema, "baridi ilikuwa inapasua midomo. Mabwana wakubwa wote hawakuweza kusema. Yeye alinikosoa hata namna nilivyoshika utepe." Akakohoa. "Ramani ya kiambatisho cha pili ni mbovu."

"Ina kosa gani?"

"Sijui bado. Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na nusu."

"Basi nina nusu saa ya kulitafuta. Kata simu, binti."

Pingamizi lake lilifika dakika chache kabla ya adhuhuri. Alisema kambi za Warusi zimepakwa rangi ya kijani iliyo karibu mno na kijani cha misitu, na msomaji anaweza kudhani zimefichwa. Bi Zarina alirudi na maziwa, akasoma.

"Kijani?" akasema.

"Kijani, Bi Zarina."

"Rekebisha ramani. Rasimu irudi upya, kimya hadi Ijumaa ijayo."

Nilibadilisha kijani kuwa njano. Wiki ile nayo Arkadi hakuandika, na Ijumaa asubuhi Walter akapinga njano. Wiki iliyofuata akapinga ukubwa wa herufi katika tanbihi. Kisha akadai kwamba hakubaliani tena na aya yake mwenyewe ya utangulizi. Wamarekani wenzake walichoka. Mmoja alimwandikia Bi Zarina kwa siri kwamba Kanali ameanza kupotewa na akili na labda apumzishwe. Wafadhili wakauliza waraka uko wapi. Walter aliacha watu waseme. Kila Alhamisi alinipigia, hakuniuliza hali, aliniuliza tu, "Kuna kitu?" Nikamwambia hakuna, naye akasema, "Basi ngoja nivae miwani."

Bi Zarina alikuwa anapita mezani kwangu akitikisa kichwa. "Kanuni haijavunjwa," alisema siku moja, kama anayejiambia mwenyewe. "Lakini mpaka lini? Waraka huu unazeeka. Huko nje wanafunga milango mmoja mmoja."

Wiki ya tano, Jumanne, barua pepe ya Arkadi ikaingia. Ilikuwa ndefu. Alipitia mapingamizi ya Walter moja baada ya jingine. Kijani kilikuwa sahihi, na asiyekiona ni yule ambaye macho yake yaliharibika zamani kwa kusoma utepe upande usiofaa. Njano ilikuwa upuuzi. Herufi za tanbihi zilitosha kwa mtu mwenye elimu. Aya ya utangulizi ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, naye alisema hivyo mwaka juzi. Nilikuwa nasoma kwa sauti, na nilikuwa namsikia kabisa.

Mwishoni kulikuwa na mistari miwili. Aliomba jina lake liondolewe. Aliomba pia kwamba kimya chake cha wiki zilizopita kisihesabiwe kuwa jambo lolote.

Hakutoa sababu. Baadaye mjumbe mmoja alituambia alikuwa hospitali. Mwingine alisema aliitwa mahali akaambiwa achague. Wa tatu aliapa kwamba mzee alikuwa shambani kwake, hakuna mtandao, anachuma matufaha. Nimeyapanga mambo haya kichwani kwa kila namna, na kila namna inaelekea kuwa kweli. Ninachojua ni kwamba kama tungefuata saa, Ijumaa ile ya kwanza tungeliweka jina lake mahali ambapo hakutaka liwepo.

Bi Zarina alisoma ile mistari miwili mwenyewe, mara ya pili na ya tatu. Kisha akasema niwapigie wajumbe wote waliobaki, Walter akiwa wa kwanza, tuongee kwa simu ya pamoja alasiri ile.

"Ondoeni na langu," Walter akasema mara tu alipoambiwa.

"Kanali," Bi Zarina akasema, "waraka usio na jina ni mtoto wa nani? Hakuna atakayeusoma."

"Huenda. Lakini jina langu peke yake pale juu litamwonyesha kila mtu pengo lilipo, na watauliza nani alikuwa amekaa hapo. Ondoa."

Bi Zarina aliivuta rasimu karibu yake. Yeye ndiye aliyekuwa amejenga ofisi ile, na alijua kwamba waraka ule ulikuwa nafasi yake ya mwisho ya kusikilizwa na wakubwa. Nilitazama mikono yake juu ya meza. Kisha akasema: waraka utatoka bila majina. Na akasema hataki kimya hadi Ijumaa wala siku nyingine yoyote. Alimwita kila mjumbe kwa jina, na kila mmoja ilimbidi aseme kwa mdomo wake kama anakubali. Watu wazima, majenerali na mabalozi, walikuwa wanababaika kama watoto wa madrasa. Mmoja alisema, "Sioni tatizo." Bi Zarina akamwambia hilo si jibu.

Walipomaliza nilianza kukusanya karatasi.

"Rukia."

"Naam, Bi Zarina."

"Na wewe?"

Nilimwangalia. Katibu hahesabiwi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikawaza kwamba labda ni mtihani. Nikawaza kwamba waraka bila majina huenda usiokoe kitu, na kwamba wenye majina huenda ungeokoa wengi kwa kumpoteza mmoja, na kwamba sina haki ya kupima hayo, na kwamba tayari nilikuwa nimeyapima niliponyanyua simu. Watu walikuwa wananisubiri kwenye laini.

"Sina pingamizi," nikasema.

"Sikukuuliza hilo."

Walter akacheka ndani ya simu.

"Nakubali," nikasema.

Waraka ulitoka. Kama Bi Zarina alivyotabiri, haukuzungumzwa sana. Arkadi yu hai. Hutuma salamu za mwaka mpya, na ya mwisho ilipinga kalenda yetu. Sijui kama kuna mtu yeyote serikalini aliyeusoma waraka, wala kama aliyeusoma alifanya lolote. Mikataba imeendelea kulegea, na nyinyi mnaanza kazi katika wakati mgumu kuliko wetu.

Kuanzia mwaka ule mtaona katika mafaili kwamba kila rasimu ina ndiyo ya kila mtu, imeandikwa. Mtaona pia kwamba rasimu zimepungua. Kazi ilichukua muda mara mbili, wajumbe wengine walichoka wakaacha kuja, na wako wanaosema hilo ndilo lililoua ofisi. Siwezi kuwaambia kwamba wamekosea. Mkiona mambo hayaendi, mnaweza kuirudisha kanuni ya kimya. Meza sasa ni yenu. Ila kabla ya kuirudisha mwulizeni kila mtu, na msubiri mpaka aseme.